Imani Kuhusu Akili na Ujifunzaji wa Wanafunzi: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Ukurasa huu unajibu maswali ambayo wazazi, walimu na wanafunzi huuliza kuhusu namna ambavyo yale mtu anayoyaamini juu ya akili yake yanavyoathiri usomaji wake. Tafiti nyingi zilizotajwa zilifanyika Marekani, kwa kuwa huko ndiko uchunguzi wa jambo hili ulikoanzia. Palipo na utafiti wa Afrika Mashariki wenye uhusiano wa kweli, nao umetajwa.

Imani kuhusu akili ni nini hasa?

Ni jibu ambalo mtu hujipa, mara nyingi bila kulitamka, kwa swali la iwapo akili yake inaweza kuongezeka. Wapo wanaoamini kwamba kila mmoja amezaliwa na kiasi chake na kwamba kazi ya shule ni kukidhihirisha tu. Wapo wanaoamini kwamba akili hukua kwa kusoma, kwa mazoezi na kwa kusaidiwa. Walio wengi wako kati ya pande hizo mbili, na tena hubadilika kulingana na somo: mwanafunzi anayekubali kwamba historia inahitaji kusoma sana ndiye huyohuyo atakayesema kwamba hisabati «haimpandi», kana kwamba somo hilo huwachagua watu wake. Mtafiti anayehusishwa zaidi na jambo hili ni Carol Dweck wa Chuo Kikuu cha Stanford, aliyeanza kulichunguza katika miaka ya 1970.

Imani iliyo kichwani inawezaje kubadilisha alama za mtihani?

Haiwezi kuzibadilisha yenyewe. Inapitia katika matendo, na hasa matendo ya mwanafunzi baada ya kukosea. Tuwachukue wanafunzi wawili waliopata 35 katika jaribio la fizikia. Anayeamini kwamba akili haibadiliki ameshapewa taarifa kamili: yeye si wa fizikia. Kurudia maswali aliyokosa hakuna maana kwake, na kumwuliza mwalimu ni kujianika mbele ya darasa. Basi karatasi inakunjwa na kutiwa ndani ya begi. Anayeamini kwamba uwezo hukua naye ameumia vilevile, kwa maana 35 ni 35, lakini kwake karatasi ile bado ina kazi. Ataangalia ni wapi alama zilipotea, ataazima daftari la mwenzake, ataliuliza swali la tatu hata kama litachekesha wengine. Tofauti ya siku moja ni ndogo mno kuonekana. Ikijirudia kila wiki kwa miaka minne ya sekondari, inakuwa tofauti ya elimu.

Mwaka 1978 Dweck na mwenzake Carol Diener waliwapa watoto wa shule ya msingi mafumbo wanayoyaweza, kisha wakawapa magumu kupita kiasi huku wakiwataka waseme kwa sauti yale wanayoyafikiri. Mwanzoni watoto wote walikuwa sawa. Mafumbo yalipokuwa magumu, baadhi yao walianza kulaumu kumbukumbu zao, wakazungumzia mambo mengine kabisa na kuziacha hata mbinu nzuri walizokuwa wakizitumia dakika chache kabla. Wengine walianza kujielekeza wenyewe: nipunguze kasi, nijaribu njia nyingine. Utafiti mwingine, uliochapishwa mwaka 2007, uliwafuatilia wanafunzi 373 wa darasa la saba katika jiji la New York kwa miaka miwili. Walipoanza, imani zao hazikuwatenganisha katika alama za hisabati. Kadiri masomo yalivyozidi kuwa magumu, walioamini kwamba akili hukua walipanda taratibu na wenzao hawakupanda.

Lakini si kweli kwamba baadhi ya watoto huzaliwa na akili zaidi?

Watu hutofautiana, na urithi una sehemu yake. Tafiti za mapacha zimeonyesha hivyo mara nyingi, na hakuna faida ya kumficha mwanafunzi jambo analoliona kila siku kwenye dawati la jirani yake. Kosa linaanza pale tunapodhani kwamba kitu chenye asili katika urithi hakiguswi na mazingira. Urefu wa mwili hurithiwa kwa kiasi kikubwa, na bado watoto wanaokula vizuri huwazidi kimo wazazi wao waliokulia katika njaa.

Tunao ushahidi wa jirani. Katika wilaya ya Embu nchini Kenya, watafiti waliwapima watoto wa vijijini kwa kipimo cha kufikiri kwa maumbo mwaka 1984, na mwaka 1998 wakawapima watoto wengine wa rika lilelile katika eneo lilelile. Katika miaka 14 tu alama zilikuwa zimepanda sana. Damu ya watu wa Embu haikubadilika katika muda huo. Watafiti walielekeza maelezo yao kwenye lishe na afya ya watoto, kuongezeka kwa wazazi wanaojua kusoma na kuandika, na mabadiliko katika familia zenyewe. Kwenda shule nako kuna mchango wake: uchambuzi wa pamoja wa mwaka 2018, yaani uliounganisha matokeo ya tafiti nyingi zenye takwimu za watu zaidi ya 600,000, ulikadiria kwamba kila mwaka wa ziada wa masomo huongeza kati ya pointi 1 na 5 katika vipimo vya akili.

Inafaa pia kukumbuka kwamba Alfred Binet, Mfaransa ambaye pamoja na Théodore Simon alitunga kipimo cha kwanza cha akili cha aina hii mwaka 1905, alikitunga ili kuwatambua watoto wanaohitaji msaada maalumu shuleni. Miaka michache baadaye aliandika akiwapinga waziwazi wale waliodai kwamba akili ya mtu ni kiasi kisichoongezeka. Waliokigeuza kipimo chake kuwa mhuri wa maisha walikuja baada yake.

Kuna ubaya gani kumwambia mtoto kwamba ana akili sana?

Swali hili huulizwa na wazazi wenye nia njema kabisa, na jibu lake huwashangaza. Mwaka 1998 Claudia Mueller na Dweck walichapisha mfululizo wa majaribio sita kwa watoto wa darasa la tano. Kila mtoto alifanya mafumbo mepesi kiasi, akaambiwa amefanya vizuri. Baadhi wakaongezewa sentensi moja tu, kwamba bila shaka wana akili. Wengine wakaambiwa kwamba bila shaka walijitahidi. Walipoulizwa ni kazi ya aina gani wangependa kuendelea nayo, karibu theluthi mbili ya waliosifiwa akili walichagua ile ambayo ingewaonyesha kuwa ni hodari. Waliosifiwa juhudi, zaidi ya tisa katika kila kumi walichagua ile ambayo wangejifunza kitu.

Kisha wote wakapewa mafumbo magumu wakashindwa, na mwishowe wakapewa tena mafumbo yenye ugumu sawa na yale ya kwanza. Waliosifiwa akili walishuka chini ya kiwango chao cha mwanzo, ilhali waliosifiwa juhudi walipanda. Walipotakiwa kumwandikia mtoto wa shule nyingine na kumtajia alama zao, karibu wawili katika kila watano wa kundi la kwanza walizitaja kwa uongo. Ikumbukwe kwamba hawakuwa watoto waongo. Walikuwa watoto waliopewa sifa ambayo kosa moja linaweza kuifuta, na wakailinda.

Hapa kwetu sifa hiyo ina majina mengi. Mtoto huitwa «kipanga», huitwa «kichwa», husemwa kwamba akili kazirithi kwa babu yake, na jina hilo humfuata hadi siku atakapokutana na somo gumu la kwanza.

Basi nimsifu kwa bidii?

Ndiyo, ikiwa bidii ilikuwapo na ikiwa ilikuwa na mwelekeo. Jibu hili linahitaji kufafanuliwa kwa sababu ndipo wengi walipopotea, kiasi kwamba Dweck mwenyewe alionya mwaka 2015 dhidi ya tabia ya kusifu juhudi ili kuwaliwaza watoto ambao hawajifunzi. Mtoto aliyenakili ubao mzima bila kuelewa amejitahidi kweli. Akiambiwa «hongera kwa bidii» anafundishwa kwamba kunakili ndiko kusoma.

Tuangalie mfano ambao kila mwalimu wa hisabati ameuona. Mwanafunzi ameandika kwamba 1/2 + 1/3 = 2/5. Amejumlisha namba za juu kwa za juu na za chini kwa za chini. Mwalimu anaweza kuweka kosa kwa kalamu nyekundu akasonga mbele, na mwanafunzi akabaki na alama bila taarifa. Anaweza kuandika «jitahidi», neno ambalo halimwambii ajitahidi kufanya nini. Ninadhani ndilo neno linaloandikwa zaidi na kusaidia kidogo zaidi katika ripoti zetu za shule. Au anaweza kuuliza swali moja pembeni ya hesabu: 2/5 ni kubwa au ndogo kuliko 1/2? Mwanafunzi akilichora atagundua kwamba 2/5 ni ndogo, yaani amejumlisha kitu kwenye nusu na jibu likapungua. Kutoka hapo ana njia ya kufika kwenye 5/6, na njia hiyo ataikumbuka. Sifa ikija sasa ina cha kushika: «Umeliona mwenyewe kwamba jibu la kwanza haliwezekani.» Sifa ya namna hiyo inataja kilichofanyika, na mtoto anaweza kukirudia kesho.

Walimu wenye wanafunzi 90 katika chumba kimoja watasema, kwa haki, kwamba hawawezi kuandika swali katika kila daftari. Si lazima. Makosa ya darasa moja huwa ni yaleyale matatu au manne; kosa linalojirudia zaidi likiandikwa ubaoni bila jina la mtu, darasa zima likapewa dakika chache kutafuta mahali lilipoharibika, kazi hiyo imefanyika kwa wote 90, na kosa limegeuka kuwa sehemu ya somo.

Mimi ninaamini kwamba akili hukua, mbona mwanangu haamini?

Kwa sababu haoni unachokiamini. Anaona unachokifanya ripoti inapofika. Utafiti wa Kyla Haimovitz na Dweck wa mwaka 2016 ulionyesha kwamba imani za wazazi kuhusu akili hazikutabiri imani za watoto wao, lakini msimamo wa wazazi kuhusu kushindwa ulizitabiri. Mzazi anayeshtuka, anayeuliza kwanza nani alikuwa wa kwanza, au anayemhurumia mtoto kwa kukosa uwezo, anafundisha kwamba alama ndogo ni hukumu. Mzazi anayeuliza ni swali gani lilimshinda na nani anaweza kumwelekeza anafundisha jambo jingine, hata kama hajawahi kutamka neno akili.

Mwalimu akimwambia mwanafunzi «usijali, hisabati si ya kila mtu», si anamfariji?

Anakusudia kumfariji. Aneeta Rattan na wenzake walilichunguza jambo hili katika utafiti uliochapishwa mwaka 2012, wakagundua kwamba walimu wanaoamini kuwa uwezo wa hisabati haubadiliki huwa wepesi zaidi wa kumhukumu mwanafunzi kwa alama moja ya chini, kumliwaza namna hiyo na kumpunguzia kazi. Wanafunzi waliopewa faraja hiyo walitambua mara moja kwamba mwalimu hawatarajii mengi. Ari yao ilishuka, nao wakajitarajia kidogo zaidi. Waliopewa ushauri wa mbinu mahususi za kurekebisha hawakushuka.

Nchini Tanzania faraja hii ina gharama ya ziada, kwa sababu kila mwaka watahiniwa walio wengi wa kidato cha nne hawafaulu hisabati, na somo lenyewe limeshazoeleka kuwa la kushindwa. Mwanafunzi anaweza kuishi miaka minne bila kukutana na mtu mzima anayeshangaa kwamba hajui.

Mwanangu alikuwa wa kwanza darasa la saba, sasa yuko kidato cha kwanza na ameporomoka. Akili zake zimekwenda wapi?

Hazijaenda popote. Kabla ya kuzungumzia akili, iangaliwe lugha. Katika shule nyingi za serikali nchini Tanzania mtoto husoma miaka saba kwa Kiswahili, kisha huingia sekondari ambako masomo karibu yote hufundishwa kwa Kiingereza. Aliyekuwa akilieleza darasa zima namna jani linavyotengeneza chakula kwa usanisinuru, akataja mwanga, maji na hewa ya kabonidioksaidi, sasa anakaa kimya katika somo la baiolojia. Anayajua majibu, hana sentensi za kuyabebea. Baada ya majaribio mawili matatu anaanza kuamini kwamba sayansi si fungu lake, na imani hiyo, ambayo ilianza kama kosa la utambuzi tu, inaanza kumpangia maisha: hasomi tena baiolojia jioni, haulizi, na kidato cha tatu kinapofika anaelekea upande ambao haogopi.

Mwambieni waziwazi kinachotokea. Mtoto akijua kwamba kinachomkwamisha ni lugha, ana tatizo lenye ufumbuzi. Alieleze somo kwanza kwa Kiswahili, amwelezee hata mdogo wake nyumbani, ili ahakikishe kwamba wazo lenyewe analo. Kisha achukue istilahi kumi za mada hiyo na kuzitungia sentensi za Kiingereza. Mwalimu anayeruhusu swali liulizwe kwa Kiswahili, halafu akasaidia kulisema upya kwa Kiingereza, anafanya kazi kubwa kuliko mabango yote ya kuhamasisha yaliyobandikwa ukutani.

Kwa hoja hiyohiyo, mtoto aliyebandikwa jina la «kilaza» apimwe macho na masikio. Wapo wanaokaa nyuma ya darasa miaka mingi wakinakili wasichokiona.

Kupanga wanafunzi kwa nafasi kunajenga imani gani?

Nafasi humwambia mwanafunzi amesimama wapi kati ya watu, haimwambii anajua nini. Aliyekuwa wa 60 muhula uliopita akajifunza mambo mengi, lakini wenzake nao wakajifunza, atabaki wa 60, na ripoti itamsomea kwamba muhula mzima haukumsaidia kitu. Januari 2023, lilipotangaza matokeo ya kidato cha nne, Baraza la Mitihani la Tanzania liliacha utaratibu wa kutangaza shule bora na watahiniwa bora kitaifa. Ndani ya shule, hata hivyo, orodha bado hubandikwa ubaoni, na wazazi wengi huidai. Ikiwa ni lazima ibaki, basi na iambatane na alama za mwanafunzi mwenyewe za muhula uliopita katika kila somo, ili awepo mtu mmoja wa kujilinganisha naye kwa faida.

Kwa nini wasichana wengi wenye alama nzuri hujiona hawana akili ya sayansi?

Sababu ni nyingi, lakini imani kuhusu kipaji ni mojawapo na imechunguzwa vizuri. Utafiti wa Sarah-Jane Leslie, Andrei Cimpian na wenzao wa mwaka 2015, uliohusu taaluma 30 katika vyuo vikuu vya Marekani, ulionyesha kwamba kadiri wasomi wa taaluma fulani wanavyoamini kuwa mafanikio yanahitaji kipaji cha kuzaliwa, ndivyo wanawake wanavyokuwa wachache katika shahada zake za uzamivu. Mwaka 2017 Lin Bian pamoja na watafiti hao walikwenda kwa watoto wadogo. Katika umri wa miaka 5 wasichana na wavulana waliwaona watu wa jinsia yao kuwa na akili nyingi kwa kiwango sawa. Katika miaka 6 na 7 wasichana walianza kurudi nyuma, wakaupunguzia hamu mchezo ulioelezwa kuwa ni wa «watoto wenye akili sana sana». Na hao hao wasichana walikuwa wakikubali kwamba wasichana hupata alama nzuri shuleni. Walikwisha kutenganisha alama na akili: alama zikawa za wanaojituma, akili ikawa ya wengine.

Mwalimu anayesema darasani kwamba msichana wa kwanza «anakariri sana» na mvulana wa pili «ana akili ila mvivu» anautia nguvu utengano huo kwa sentensi moja.

Imani ya mwalimu ina uzito gani ikilinganishwa na ya mwanafunzi?

Uzito mkubwa, na kwa maoni yangu jambo hili limepewa nafasi ndogo mno katika semina za walimu. Utafiti wa Elizabeth Canning na wenzake, uliochapishwa mwaka 2019, uliwahusisha wahadhiri 150 wa sayansi na hisabati na wanafunzi zaidi ya 15,000 katika chuo kikuu kimoja cha umma cha Marekani. Pengo la alama kati ya wanafunzi wa makundi ya rangi na asili yenye uwakilishi mdogo na wenzao lilikuwa hadi mara mbili zaidi katika madarasa ya wahadhiri walioamini kwamba uwezo haubadiliki, na wanafunzi wao walieleza kwamba ari yao ilikuwa chini. Hakuna mhadhiri anayehitaji kuitangaza imani yake. Inajulikana kwa anayemwita kujibu, kwa muda anaomsubiri anayesitasita, na kwa kuwepo au kutokuwepo kwa nafasi ya kusahihisha kazi iliyoharibika.

Je, utafiti umethibitisha kwamba kuibadilisha imani hii huongeza ufaulu?

Umethibitisha kwa kiasi, na ni kiasi kidogo kuliko kinachotangazwa na wauzaji wa semina. Uchambuzi wa pamoja wa Victoria Sisk na wenzake wa mwaka 2018 ulikuta uhusiano hafifu kati ya imani na ufaulu, na faida ndogo sana kutokana na programu za kuibadilisha. Jaribio kubwa lililofanyika Marekani na kuchapishwa mwaka 2019 na David Yeager na wenzake, lililowashirikisha zaidi ya wanafunzi 12,000 wa darasa la tisa, lilitumia somo la kompyuta lisilozidi saa moja. Wanafunzi waliokuwa chini kimasomo walipanda kwa takriban pointi 0.1 katika wastani wa alama unaohesabiwa kutoka 0 hadi kama 4. Ni kidogo, ingawa kwa kazi ya chini ya saa moja si haba. Huko Uingereza, jaribio katika takriban shule 100 za msingi, lililotolewa taarifa mwaka 2019, halikuona maendeleo yoyote ya ziada. Mwaka 2023 jarida moja lilichapisha chambuzi mbili zenye mwelekeo tofauti: moja ikisema tafiti nyingi zina kasoro na faida inakaribia kutokuwapo, nyingine ikisema faida ipo kwa makundi fulani na katika mazingira fulani.

Neno mazingira ndilo la kushika. Katika jaribio la 2019 faida ilikuwa kubwa zaidi katika shule ambazo wanafunzi wenyewe kwa wenyewe waliona kazi ngumu kuwa jambo la kawaida, na uchambuzi uliofuata ulionyesha kwamba katika hisabati ilionekana pale ambapo mwalimu naye aliamini kwamba uwezo hukua. Hilo linaeleweka. Mwanafunzi aliyeaminishwa kwamba akili hukua, kisha akarudi kwenye darasa ambalo kazi haisahihishwi, swali linachekwa na jaribio halirudiwi, hana mahali pa kuitumia imani yake, na baada ya muda ataiacha kwa sababu za msingi kabisa. Vilevile hakuna imani itakayoziba pengo la vitabu, la chakula cha mchana au la mwalimu wa fizikia ambaye hayupo. Kumwambia mtoto wa shule isiyo na maabara kwamba anafeli kwa sababu ya mtazamo wake ni kumtwisha mzigo wa watu wazima.

Haya si mambo ya watoto wa Marekani?

Kwa sehemu, ndiyo, na tahadhari inahitajika. Katika tathmini ya kimataifa ya PISA ya mwaka 2018, wastani wa asilimia 63 ya wanafunzi wa miaka 15 katika nchi wanachama wa OECD, shirika la ushirikiano wa kiuchumi ambalo wanachama wake wengi ni nchi tajiri, walikataa kauli kwamba akili ya mtu haiwezi kubadilika sana. Katika nchi nyingi waliokataa walikuwa na alama za juu zaidi za kusoma, lakini si kila mahali. Hakuna nchi ya Afrika Mashariki iliyoshiriki mwaka huo.

Jambo la msingi zaidi ni kwamba jamii zetu hazina fikra moja kuhusu akili yenyewe. Watafiti waliofanya kazi miongoni mwa Waluo magharibi mwa Kenya walieleza dhana nne: rieko, inayohusu maarifa na ujuzi, luoro, inayohusu heshima na wajibu, paro, inayohusu kufikiri na kuanzisha jambo, na winjo, inayohusu kuelewa hali. Katika hizo ni rieko tu iliyokuwa na uhusiano na ufaulu wa shuleni. Katika utafiti mwingine, kundi la Robert Sternberg liliwapima watoto 85 wa Usenge, kando ya Ziwa Victoria, kuhusu dawa za asili: ipi ni ya ugonjwa gani na hutumiwaje. Waliozijua zaidi ndio walioelekea kupata alama ndogo katika vipimo vya kishule. Watoto hao walikuwa wamejifunza maarifa mengi kwa miaka mingi, ila si yale yanayotahiniwa. Mwalimu anayejua hivyo ana kianzio kizuri: mtoto anayedai kwamba hawezi kukumbuka chochote huenda anajua mimea thelathini kwa majina na matumizi, na aulizwe alivyojifunza.

Nina umri wa miaka 40 na nimejiandikisha kufanya mtihani wa kidato cha nne kama mtahiniwa wa kujitegemea. Je, nimechelewa?

Ubongo wa mtu mzima hubadilika kwa kujifunza. Katherine Woollett na Eleanor Maguire waliwafuatilia watu 79 jijini London waliokuwa wakisomea leseni ya udereva wa teksi, inayodai kukariri maelfu ya mitaa kwa miaka kadhaa. Matokeo yalichapishwa mwaka 2011. Waliofaulu walikuwa 39, na kwao sehemu ya nyuma ya hipokampasi, eneo la ubongo linalohusika na kumbukumbu za mahali, ilikuwa imeongezeka. Waliofeli hawakuwa na badiliko hilo, ingawa walipoanza hawakutofautiana na wenzao. Jambo moja lililowatenganisha ni muda waliouweka katika mafunzo kila wiki.

Kwa mtu mwenye kazi na familia, basi, swali la kwanza kulipanga ni la saa za kusoma. Anza na mitihani iliyopita, ujibu bila kuangalia kitabu, kisha usahihishe mwenyewe kwa kitabu na uandike upya kila swali ulilokosa baada ya siku chache. Hisabati ikikusumbua, rudi hadi kwenye sehemu na asilimia za darasa la tano na la sita bila aibu yoyote, kwa maana mara nyingi ndipo ulipoachwa na darasa, na mada za kidato cha nne hazitasimama kabla ya hizo.